Leseni Ilipoanza Kuhesabu Akaunti

Mwishoni mwa Juni 2019, kampuni ya cPanel ya Houston, Texas, iliwatangazia wateja wake kwamba namna ya kulipia programu yake, paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva, inabadilika. Kwa miaka mingi leseni moja ilitosha seva moja, iwe imebeba tovuti tatu au mia nane. Chini ya utaratibu mpya, seva inahesabiwa akaunti zilizomo. Ngazi ziliwekwa nne: Solo kwa akaunti moja, Admin kwa akaunti 5, Pro kwa akaunti 30, na Premier kwa akaunti 100. Premier ilianza kwa dola 45 kwa mwezi, na kila akaunti iliyozidi mia ikaongezewa senti 20.

Senti 20 ni kidogo mpaka zizidishwe. Seva yenye akaunti 600 ingelipiwa dola 45 za mwanzo, kisha dola 100 za akaunti 500 zilizozidi: jumla dola 145 kila mwezi, kwa mashine ileile na kazi ileile. Kampuni ndogo za kuhifadhi tovuti zilikuwa zimejenga biashara nzima juu ya hesabu ya zamani, ambayo ilimfaidi anayejaza seva. Ghafla kujaza kukawa na bei.

Wengi walianza na jambo la busara: kufuta akaunti zilizokufa, za wateja walioacha kulipa na tovuti za majaribio zilizosahauliwa. Baada ya hapo baadhi wakaingia kwenye njia ya mkato ambayo ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Waliziweka tovuti za wateja kadhaa ndani ya akaunti moja. Gharama ya leseni ilipungua, na pamoja nayo ukapungua ukuta uliokuwa ukimlinda mteja mmoja dhidi ya uzembe wa mwingine. Ili kuona ukubwa wa hasara hiyo, inabidi kutazama jinsi tovuti nyingi zilivyowezeshwa kukaa kwenye mashine moja.

Katika HTTP ya mwanzo, kivinjari kilipofika kwenye seva kiliomba ukurasa bila kusema ni wa tovuti ipi. Seva ilibaini tovuti inayotakiwa kwa kutazama anwani ya IP iliyofikiwa, kwa hiyo kila tovuti ilihitaji anwani yake. Huo ulikuwa ufujaji mkubwa. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu, na akiba ya dunia iliyokuwa mikononi mwa IANA, msimamizi mkuu wa anwani hizo, iliisha Februari 2011. Suluhisho lilikuwa mstari mmoja wa maandishi. HTTP/1.1, iliyochapishwa Januari 1997, ilikilazimisha kivinjari kutaja jina la tovuti kinayoitaka:

GET / HTTP/1.1
Host: duka.example

(Majina yanayoishia na .example yametengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano kama huu, hayauzwi.) Seva ya Apache ilianza kuusoma mstari huo mwaka 1996, katika toleo la 1.1, kabla hata kiwango chenyewe hakijachapishwa. Ni sawa na nyumba ya wapangaji yenye geti moja: mgeni akitaja jina la anayemtafuta, anaelekezwa mlango wake.

Kwenye Debian na Ubuntu, maelekezo hayo hukaa katika folda ya /etc/apache2/sites-available, faili moja kwa kila tovuti. Ndani yake kuna sehemu ya VirtualHost yenye mistari mitatu ya msingi: ServerName hutaja domeini, ServerAlias hutaja majina yake ya ziada kama www, na DocumentRoot huonyesha folda yenye kurasa. Amri ya a2ensite huiwasha tovuti, kisha Apache huambiwa isome upya mipangilio yake.

Hapa pana kosa ambalo hurudi tena na tena. Jina lililotajwa na kivinjari lisipopatikana kwenye faili lolote, Apache haikatai ombi. Hulipeleka kwenye tovuti ya kwanza iliyosomwa, na mafaili husomwa kwa mpangilio wa alfabeti. Shule ikielekeza domeini yake kwenye seva kabla fundi hajaandika faili lake, mzazi anayetafuta matokeo ya mwanawe anaweza kukuta duka la vipuri vya magari. Ndiyo maana faili la kwanza linalokuja na mfumo limeitwa 000-default.conf, ili liwe mbele daima. Fundi makini hulibakiza likiwa na ukurasa mtupu. Kwenye nginx, seva nyingine ya wavuti, huwekwa mpangilio wa default_server unaojibu kwa namba 444, ambayo hukata mawasiliano bila kutuma chochote.

HTTPS ilileta kikwazo kipya. Mazungumzo yaliyosimbwa huanza kabla ombi halijasomwa, hivyo seva ilipaswa kuonyesha cheti kabla ya kusikia jina. Kiongezo kiitwacho SNI, kilichoelezwa Juni 2003, kinakiwezesha kivinjari kutaja jina mapema, wakati wa kusalimiana. Lakini kilichelewa kuenea kwa miaka mingi, kwa sababu Internet Explorer kwenye Windows XP haikuwahi kukijua, na Microsoft iliendelea kuihudumia XP hadi Aprili 2014. Kampuni zisizotaka kuwapoteza wateja wa kompyuta hizo ziliendelea kununua anwani ya IP kwa kila cheti.

Desemba 2015 Let's Encrypt ilifungua milango kwa umma na kuanza kutoa vyeti bure, vyenye uhai wa siku 90. Hapo mpangilio wa domeini ukageuka kuwa kazi ya kufuata hatua kwa mfuatano. Katika njia ya kawaida, Let's Encrypt hutafuta faili maalumu ndani ya /.well-known/acme-challenge/ kupitia domeini yenyewe. Kwa hiyo rekodi ya A kwenye DNS inapaswa iwe imeshaielekeza domeini kwenye seva. Anayeomba cheti kabla ya hapo anakataliwa. Cheti kimoja kinaweza kubeba majina hadi 100, na wapo wanaovutiwa kuwapakia wateja wote humo. Wafikiri mara mbili. Mteja mmoja akihamisha domeini yake, uthibitisho wake hushindwa, na cheti cha wote hakiongezwi muda. Isitoshe, yeyote anayefungua maelezo ya cheti husoma orodha ya majirani wote. Cheti kimoja kwa tovuti moja hakigharimu chochote zaidi.

Kwa mafundi wa Tanzania na Kenya kuna jambo dogo lenye uzito. Let's Encrypt iliweka kikomo cha vyeti 50 kwa wiki kwa kila domeini iliyosajiliwa. Kama co.tz ingehesabiwa kuwa domeini moja, kampuni zote zilizo chini yake zingegombea hamsini hizo. Lakini co.tz na co.ke zimo katika orodha ya kimataifa ya viambishi vya umma, kwa hiyo kila jina lililosajiliwa chini yake lina hesabu yake.

Basi tovuti mia kadhaa zinakaa kwenye anwani moja ya IP, kila moja na jina lake na cheti chake. Kwa nje zimetengana. Ndani ndiko kuna suala la akaunti.

Kwenye cPanel, akaunti moja ni mtumiaji mmoja wa Linux, mwenye folda yake chini ya /home. Domeini ya ziada inaweza kuongezwa ndani ya akaunti hiyohiyo, na leseni bado huhesabu akaunti moja. Lakini mafaili ya domeini zote mbili sasa ni ya mtumiaji mmoja, na PHP ya tovuti zote mbili huendeshwa kwa jina lake. Tuseme domeini hizo ni za duka na shule, na duka lina programu-jalizi ya WordPress isiyosasishwa, na mdukuzi amepenyeza mistari michache ya PHP. Mistari hiyo inaweza kufungua wp-config.php ya tovuti ya shule kwenye folda ya jirani. Faili hilo lina jina la hifadhidata, jina la mtumiaji wake na nenosiri, vyote kwa maandishi ya wazi. Shule haikukosea lolote. Imeingiliwa kwa sababu ya senti 20 kwa mwezi.

Mwenye tovuti mbili ni yeye mwenyewe anayebeba hatari hiyo, na ana haki ya kuichagua. Kuwachanganya wateja wasiofahamiana ni jambo jingine. Ni kuwapunguzia usalama bila kuwaambia, na hakuna punguzo la leseni linalolihalalisha.

Njia nyingine zipo. Plesk, paneli iliyonunuliwa mwaka 2017 na Oakley Capital ya London, kampuni iliyoinunua pia cPanel mwaka uliofuata, huhesabu domeini: Web Admin 10, Web Pro 30, na Web Host bila kikomo. Kwa mwenye domeini nyingi, Web Host humwondolea kishawishi cha kubana. Paneli ya Virtualmin ina toleo lenye leseni huria ya GPL, na kwa kawaida huunda mtumiaji wake wa Linux kwa kila domeini. HestiaCP nayo ni ya GPL, na ISPConfig iko chini ya leseni ya BSD. Fedha inayookolewa hapo hulipwa kwa muda wa fundi, kwa sababu masasisho na hitilafu ni juu yake.

Bila paneli kabisa, kazi yenyewe si kubwa. Kila tovuti hufunguliwa mtumiaji wake, kisha faili lake ndani ya pool.d ya PHP-FPM, likitaja mtumiaji huyo na soketi yake. Folda ya tovuti hupewa ruhusa 750, na kundi lake huwa www-data ili seva ya wavuti isome picha na kurasa. PHP ya duka ikijaribu kufungua faili la shule, Linux yenyewe huikatalia.

Leseni haziishii kwenye paneli. WordPress ni ya GPL na haihesabu chochote, lakini programu-jalizi nyingi za kulipia huja na ufunguo unaohesabu tovuti. Nakala ya majaribio iliyowekwa kwenye jaribio.duka.example inaweza kula nafasi moja ya ufunguo, hasa pale muuzaji anapolihesabu kila jina peke yake. Ufunguo huondolewa kwenye nakala hiyo kabla ya kuifuta, maana nafasi hairudi yenyewe.

Kuhama seva kunayakutanisha mambo haya yote. Muda wa rekodi za DNS hushushwa hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla, ili mabadiliko yasambae haraka. Rekodi za MX hunakiliwa pamoja na zile za A, kwani anayebadili nameserver na kuzisahau huwaachia wateja tovuti inayofunguka na barua pepe zisizofika. Leseni ya cPanel nayo hufungwa kwenye anwani kuu ya IP ya seva, kwa hiyo seva mpya na ya zamani zikifanya kazi sambamba, kila moja huhitaji leseni yake. Akaunti 600 zikihamishwa polepole, leseni mbili zitalipiwa kwa muda wote huo, na gharama hiyo inapaswa kuwekwa kwenye bajeti kabla akaunti ya kwanza haijanakiliwa.