Mkono wa Mkandaji na Mzigo wa Mkamuaji

Huko Eldas, kaunti ya Wajir, mkamuaji wa ngamia husimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili hukunjwa, chombo huegemezwa pajani, na mikono yote miwili hufanya kazi upesi kabla mnyama hajayazuia maziwa. Kazi hiyo huwa asubuhi na jioni, na baina yake kuna mitungi ya maji ya lita 20. Maumivu huanzia kwenye kigasha, kisha hushuka hadi chini ya dole gumba. Hapo kano mbili hupita katika mfereji mwembamba; zikitumikishwa kupita kiasi, kuta za mfereji hunenepa na kila kubana huuma. Daktari wa Uswisi Fritz de Quervain aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1895.

Mkandaji stadi haanzi kwa kusugua panapouma. Hupapasa kigasha kutoka kiwiko kwenda chini, akitafuta msuli uliokaza. Kano ikiwa imevimba na ina joto, huiacha na kushughulikia nyama iliyo juu yake. Kiganja cha mgonjwa huinuliwa ili msuli wa nyuma ya kigasha ulegee, dole la mkandaji huubana, kisha mgonjwa mwenyewe hukishusha kiganja polepole mpaka msuli uteleze chini ya dole. Mbinu hii ilienezwa na Michael Leahy wa Colorado, Marekani. Kabla yake, James Cyriax wa hospitali ya St Thomas', London, alifundisha kusugua kwa kukatiza nyuzi za kano, bila mafuta, ngozi na kidole vikienda pamoja.

Wengi huamini kwamba mkono huo unavunja makovu na vifundo ndani ya mwili. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 na Hans Chaudhry na wenzake zinatia shaka: kuubadilisha utando mgumu wa paja au wa wayo kwa asilimia 1 tu kungehitaji nguvu inayozidi uwezo wa mikono. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwakanda vijana 11 mapaja baada ya mazoezi makali. Dalili za uvimbe ndani ya chembe zilipungua, lakini asidi ya laktiki, ambayo wengi hudhani hukamuliwa nje ya msuli, haikubadilika. Faida ya haraka ni kwamba neva hutulia, maumivu hupungua na kiungo husogea. Faida hiyo ni ya muda.

Muda huo ndio wa kutumia. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Uswidi aliwapa wakimbiaji 15 wenye kano mbovu za kisigino zoezi la kushusha kisigino polepole, mara 180 kwa siku kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Kano huimarika kwa mzigo uliopimwa. Kwa mkamuaji, mzigo huo waweza kuwa chupa ndogo ya maji inayoshushwa kwa kiganja taratibu, ikiongezwa maji kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Wanariadha wanalijua hili. Kaptagat, alikojiandaa Eliud Kipchoge kabla ya kukimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, misuli yake ilikandwa na Peter Nduhiu. Lakini mazoezi makali yaliwekwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, siku nyepesi zikiwa katikati.

Mkamuaji hana siku nyepesi, kwa sababu ngamia hangoji. Kwa hiyo mapumziko lazima yatoke kwa watu wengine: kukamua kwa zamu, kujaza mtungi nusu, kumwachia punda mkokoteni wa maji. Familia ikigawana kazi hizo kwa wiki chache, mkono wa mkandaji unapata cha kujengea.

Jambo moja lisipuuzwe. Maumivu ya mgongo na viungo yanayokuja na homa na jasho la usiku, hasa kwa anayekunywa maziwa mabichi, yaweza kuwa bruselosi. Hapo anahitaji kupimwa damu na kupewa dawa kituo cha afya. Vidole vikifa ganzi au mkono ukipoteza nguvu, pia aende akapimwe. Kwa misuli iliyochoka, kukanda kunasaidia, mradi mzigo wa kesho upangwe siku hiyohiyo ya kukandwa.