Hesabu ya Chumvi

Ziwa Kisiba, ambalo wengi hulijua kwa jina la Masoko, halina mto unaotoka. Limetulia ndani ya kreta ya volkano upande wa kusini-mashariki wa Tukuyu, upana wake mita 700 hivi, kina chake kinakaribia mita 40. Jua hulinyonya kila siku, na bado maji yake ni baridi, hayana chumvi. Ziwa Rukwa nalo halina mto unaotoka, lakini maji yake yana magadi. Siri iko chini ya ardhi. Kisiba huvuja polepole kupitia miamba, na maji yanayopenya huondoka na chumvi yake. Rukwa hupoteza maji kwa mvuke, na mvuke haubebi chumvi.

Anayefuga samaki wa milango ya mito katika tangi la kioo huishi na hesabu hiyohiyo, ila ndani ya lita 200 tu. Ndiyo maana ufundi wake hunivutia: kazi kubwa haionekani.

Mchukue Monodactylus argenteus, samaki bapa wa rangi ya fedha anayepatikana pwani yetu. Akiwa mdogo huingia kwenye mikoko, mahali ambapo maji ya mto na ya bahari hubadilishana zamu kila bahari inapojaa na kupwa. Akikua huelekea baharini. Basi ukimuuliza fundi samaki huyu anataka chumvi kiasi gani, atakuuliza kwanza ana umri gani. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Mdogo ataridhika na gramu 5 hadi 10. Kadiri anavyokua, fundi humpandishia taratibu, hadi akaribie bahari yenyewe.

Chumvi gani? Hapa mwanafunzi hukimbilia ya jikoni. Fundi anajua jinsi chumvi inavyotengenezwa kwenye mabwawa ya pwani: maji yakikauka, chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha chumvi yenyewe, magnesi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Kilichofika mezani ni kipande kimoja cha bahari. Samaki anahitaji na vile vilivyoachwa njiani, kwa hiyo fundi hununua chumvi iliyochanganywa maalumu kwa matangi ya bahari.

Haimwagi ndani ya tangi. Huiyeyusha kwenye ndoo na kuipulizia hewa, na kuipima baada ya kuyeyuka kabisa. Kwa haidromita, joto lina neno lake: asubuhi ya Julai pale Tukuyu, maji yaliyopoa huwa mazito zaidi, chombo kikaelea juu na kudai chumvi isiyokuwepo. Fundi huyapasha maji kwanza hadi kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye chombo, ndipo asome.

Subira yake huonekana zaidi anapopandisha chumvi. Samaki wa mikoko huvumilia mabadiliko ya saa chache, amezaliwa nayo. Wasiovumilia ni bakteria wa kwenye kichujio, wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Wakishtuka, amonia hupanda, na samaki anakufa kwa sumu huku chumvi ikiwa sawasawa kabisa. Kwa hiyo fundi huongeza kidogo, husubiri wiki, hupima amonia, ndipo aongeze tena. Anawangoja viumbe asiowaona.

Kisha kuna kazi ya kila siku. Maji yakipungua kwa mvuke, hujaza maji baridi matupu, kwa sababu chumvi yote imebaki ndani. Akiyachota mwenyewe ili kuondoa uchafu, chumvi imetoka nayo, kwa hiyo hurudisha maji yenye chumvi ileile. Anayechanganya mambo haya mawili hujikuta, baada ya miezi, na Rukwa sebuleni au na maji ya kisima, wala asijue ilikuwa siku gani.

Ukitaka kumpima fundi wa aina hii, usihesabu samaki wake wala usisifu kioo chake. Muulize maji aliyoongeza jana yalikuwa yanafidia nini. Aliye fundi atajibu kabla hujamaliza swali.