Nakshi za Chungu cha Maua

Miongoni mwa kazi za mikono anazoweza kupewa mtoto wa miaka minne au mitano, mimi naitanguliza ile ya kutia rangi chungu cha maua. Wala siitangulizi kwa wepesi wake, bali kwa kuwa ndani ya udogo wake mna elimu ambayo karatasi, pamoja na fadhila zake zote, haiwezi kuitoa. Karatasi ina pembe nne, na mtoto akifika ukingoni kazi yake imekwisha. Chungu ni duara, na duara humrejesha mtu pale alipoanzia, akajionea mwenyewe kipimo cha mkono wake.

Barazani huko Kibokoni nilipata kumtazama binti mdogo akiizungusha shingo ya chungu chake kwa matone ya buluu. Alianza kwa madaha, tone na tone yakiachana kwa upana wa kidole. Lakini alipokaribia kulifikia tone la kwanza, akakuta nafasi iliyobaki haitoshi matone mawili, na kwa tone moja imezidi. Akanyamaza, akalikazia macho lile pengo, akakigeuza chungu huku na huku, kisha akatia tone moja kubwa kuliko wenziwe, pengo likajaa. Hesabu hiyo ya kugawanya duara ndiyo imshughulishayo mshona kofia za vito, ambaye nakshi yake isipokutana sawasawa kofia nzima huharibika. Na binti yule, ambaye hata tarakimu hajazimudu kuziandika, alikwisha kuigusa kwa ncha ya burashi.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Udongo wa kuchoma hunywa maji, kwa hiyo chungu hufutwa vumbi, kikaanikwa hadi kikauke kabisa, maana unyevu uliojificha ndani huisukuma rangi ikabambuka. Rangi ya maji ndiyo iwafaayo watoto, kwani hutoka mikononi kwa sabuni. Tundu la chini lisizibwe. Kisha huja kungoja: atiaye nyekundu juu ya manjano mbichi huziona zikichanganyika zikawa rangi ya chungwa, na asubiriye hadi ya kwanza ikauke huziona zote mbili zikikaa mahali pake, kila moja na heshima yake. Somo hilo la subira mtoto hulipokea bila ya mtu mzima kufungua kinywa.

Nao Mji wa Kale wa Mombasa una haki ya kuienzi kazi hii kuliko miji mingi. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, imehifadhi vyombo vya wafinyanzi wa pwani pamoja na kaure za Uchina, na mtoto wa Ndia Kuu huifikia kwa miguu. Njiani hupita chini ya milango iliyochongwa minyororo na maua. Aliyekwisha kuhangaika na matone yake mwenyewe huutazama ukingo wa bakuli la kale kwa jicho la fundi, akatafuta pale nakshi ilipokutania.

Rangi ikishakauka, hutiwa udongo na mbegu za mrehani, ambazo aghalabu huchipua kwa muda wa wiki moja hivi. Na mtoto ambaye jana alikuwa mchoraji leo ana kiumbe cha kukinywesha maji, na kesho majani yake yataingia katika kikuba cha mamaye pamoja na asumini.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufuatwa nchini kote mwaka 2019, umeipa sanaa nafasi katika madarasa ya awali. Linaloiharibu nafasi hiyo ni mkono wa mtu mzima, aichukuaye burashi ili kunyoosha mstari uliopinda kabla ya wageni kuja kutazama. Basi nawasihi wazazi na walimu wa chekechea wa kisiwa hiki: mpeni mtoto chungu, rangi tatu na asubuhi nzima, kisha iondoeni mikono yenu.