Uzi Mwema wa Fidla

Fidla nzuri huishi kuliko mwenyewe. Ikitunzwa hutoka mkononi mwa baba ikaingia mkononi mwa mwana, na zipo zilizochongwa Cremona, Italia, katika karne ya 17 na ya 18 ambazo hadi leo zinapigwa majukwaani. Uzi haukujaaliwa umri huo. Tangu siku unapofungwa unaanza kuchakaa, na kwa mtu anayepiga kila siku hupita miezi michache tu, ukafunguliwa ukatupwa. Nadhani ndiyo sababu sifa zote humwendea mchonga mbao, na msokota nyuzi hakumbukwi. Naona hajatendewa haki. Sauti huzaliwa kwenye uzi, pale singa za farasi za upinde zinapoukamata. Kazi ya mbao ni kuikuza sauti iliyokwisha kuzaliwa. Uzi ukiwa mbovu, hata fidla ya Stradivari wa Cremona itakuza ubovu.

Kinachotokea singa zinapogusa uzi kilielezwa na mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, katika kitabu alichokitoa mwaka 1863. Singa zilizopakwa ulimbo huung'ang'ania uzi, huuvuta kando, uzi ukafika mahali ukachopoka, ukarudi, ukakamatwa tena. Kwa uzi wa la (nyuzi za fidla, kutoka chini kwenda juu, ni sol, re, la na mi), jambo hilo hutokea mara 440 kwa sekunde moja. Wapigaji wanaposema uzi fulani unaitika upesi, au kwamba ule mwingine ni mzito kuamka, hilo ndilo wanalolizungumzia: wepesi wa kukamatwa na kuachiwa mara mamia ndani ya sekunde moja. Kutengeneza kitu kitakachotii kwa kasi hiyo bila kukosea, upinde ukibonyezwa kwa nguvu au ukipitishwa kama mnong'ono, ni kazi ya fundi hasa.

Kwa karne nyingi uzi wa fidla ulikuwa utumbo wa kondoo. Ulioshwa, ukakwanguliwa hadi ukabaki ule utando mwembamba wenye nguvu, ukapasuliwa vipande virefu, vipande vikasokotwa pamoja vingali vibichi, vikakaushwa vikiwa vimevutwa, kisha vikasuguliwa hadi vikawa laini. Kijiji cha Salle, katika milima ya Abruzzo nchini Italia, kilijulikana kwa kazi hiyo, na ukoo wa D'Addario, ambao leo jina lake limeandikwa kwenye pakiti za nyuzi zinazotoka Marekani, asili yake ni huko.

Shida ilikuwa uzi wa chini kabisa, sol. Padri Mfaransa Marin Mersenne alikwisha kuiandika kanuni yake mwaka 1636: ukitaka sauti ishuke, refusha uzi, ulegeze, au uongeze uzito. Fidla haiwezi kurefushwa, maana sehemu ya uzi inayopigwa ni sentimita 33 hivi na mkono wa binadamu ndio ulioweka kipimo hicho. Ukiulegeza mno hauchezeki. Kilichobaki ni uzito, na utumbo ukinenepeshwa ili uwe mzito unakuwa mgumu kupinda, na uzi mgumu hutoa sauti butu. Katika miaka ya 1660 hivi likapatikana jibu ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa mambo makubwa yaliyowahi kuifika fidla: utumbo uachwe mwembamba, uzungushiwe waya mwembamba wa madini. Uzito ukaongezeka, ulaini ukabaki. Nyuzi za sol, re na la tunazolipia leo kwa bei ya kutisha bado zimesimama juu ya wazo hilo hilo.

Mi ndiyo ilikuwa ikikatika ovyo, kwa kuwa ni nyembamba kuliko zote na imekazwa kuliko zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 chuma kikachukua nafasi ya utumbo kwenye uzi huo. Kisha ukaja mji wa Vienna. Kampuni ya Thomastik-Infeld, iliyoanzishwa huko mwaka 1919, ilitoa mwaka 1970 nyuzi za Dominant, zenye kiini cha nailoni. Wapigaji wakapata kitu chenye joto linalokaribia la utumbo lakini kisichoshuka sauti kila hewa inapobadilika. Wenzao wa Pirastro, wa Offenbach huko Ujerumani, ambao mizizi yao inarudi hadi mwaka 1798 kwa Mwitaliano Giorgio Pirazzi, waliendelea na utumbo kwa wanaoupenda na wakaingia pia kwenye nyuzi za kisasa. Evah Pirazzi, zile zenye hariri ya kijani kwenye ncha, zimejaa leo katika okestra za dunia.

Ukitaka kumwelewa fundi huyu, chukua uzi wa la wa Dominant uliokwisha muda wake, ukate kwa koleo, kisha uufumue taratibu chini ya taa. Juu utakuta utepe wa alumini, bapa, mwembamba kuliko ukucha, umezungushwa mzunguko kwa mzunguko bila mmoja kupanda juu ya mwenzake na bila kuacha upenyo. Uso wake umesuguliwa hadi kidole kisihisi mistari. Ukiuvuta, unafunguka kama chemchemi ndogo ya saa. Ndani yake ndimo kilimo kiini: si uzi mmoja bali nyuzinyuzi nyingi za nailoni zilizolala pamoja, laini, zinazochanua mara tu zinapoachiwa. Ncha zimefungwa hariri ya rangi, ya zambarau upande wa vigingi, ili mpigaji ajue ameshika nini na kigingi kisiukate uzi. Yote haya yako ndani ya unene usiofika milimita moja. Mzunguko mmoja wa utepe ukilala vibaya, uzito hauko sawa tena kutoka ncha hadi ncha, na uzi unakuwa mwongo.

Uzi mwongo ndio wa kwanza kukataliwa, hata kabla hujauliza kama sauti ni tamu. Kuutambua ni rahisi. Weka kidole kimoja kikae juu ya nyuzi mbili kwa pamoja, uvute upinde, usikilize kama zinapatana. Panda kidogo, sikiliza tena. Nyuzi za kweli zitapatana kila mahali. Uzi mwongo utapatana chini na kugombana juu, na hakuna kidole kitakachousuluhisha. Nyuzi za chuma zinazokuja na fidla za bei rahisi za viwandani mara nyingi zina uongo huo, na inaniuma kuona mtoto anayejifunza akikemewa kwamba hana sikio, wakati sikio lake ndilo linalosema kweli.

Baada ya hapo ndipo yanapokuja masuala ya utamu, na hapa haraka haifai. Uzi mpya wa nailoni hunyooka kwa siku kadhaa, unashuka kila unapougeuzia mgongo, na sauti yake ya siku ya kwanza ina ukali wa madini ambao utaondoka. Anayeutolea hukumu jioni ile ile anauhukumu uzi ambao bado haujawa wenyewe. Mimi husubiri utulie, kisha nausikiliza kwa mambo matatu. Kwanza mnong'ono: upinde ukipita polepole karibu na shingo, sauti ipo au inakatika? Pili, mwanzo wa noti: inaanza safi, au inatanguliwa na mkwaruzo? Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, je, nikiuomba uzi rangi mbili tofauti utanipa mbili? Upinde ukisogea karibu na daraja sauti iwe na makali. Ukirudi nyuma iwe na kivuli. Uzi unaotoa sauti ile ile nzuri popote utakapoupiga ni uzi maskini, hata kama sauti hiyo ni nzuri kweli.

Hapa ndipo nyuzi za bei ya juu zinapotetea bei yake. Evah Pirazzi hujibu kwa nguvu ambayo seti ya kawaida haina, na noti za juu kwenye uzi wa sol, ambazo kwa nyuzi nyingi hukoroma, kwao zinaimba. Zimekusudiwa mpigaji anayesimama mbele ya okestra kubwa akitaka asikike hadi kiti cha mwisho. Lakini kuna fidla ambazo nyuzi zenye mvuto mkubwa huzikaba: uso wa juu wa mbao unaelemewa, mwangwi unapungua, na aliyelipa zaidi anapata kidogo zaidi. Fidla yenye sauti ya kiza huhitaji uzi wenye mwanga. Ile ya kiwandani yenye ukali puani huhitaji uzi wa kuituliza. Hakuna uzi bora peke yake. Upo uzi bora kwa fidla hii na mkono huu.

Na kwa muziki huu. Taarabu ya Unguja imekuwa na fidla tangu enzi za mabibi na mabwana waliotangulia. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na hadi leo ukisikia bashraf, kile kipande cha ala bila mwimbaji, inaanza, safu ya fidla ndiyo inayobeba mwendo. Fidla hizo hupiga pamoja, sauti moja, zikimjibu mwimbaji kila amalizapo ubeti. Katika safu kama hiyo uzi wa kushinda okestra ni mgeni asiyejua adabu. Mmoja akiufunga, fidla yake inatoka nje ya kundi, na spika zikiwekwa hali inazidi, kwa kuwa maikrofoni hupenda ukali kuliko sikio linavyoupenda. Taarabu inataka uzi wenye joto, unaokubali kuteleza kutoka noti hadi noti, na unaosema wazi zile robo za toni za makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama Bayati na Rasti, ambazo piano haina.

Lipo jambo jingine ambalo maandishi ya kwenye pakiti hayalisemi. Fidla ya Kimisri, ambayo taarabu imejifunza mengi kwayo, mara nyingi hukazwa sol, re, sol, re badala ya sol, re, la, mi. Nyuzi mbili za juu zinashushwa toni nzima. Kwa kanuni ile ile ya Mersenne, kushusha uzi toni nzima kunapunguza mvuto wake kwa takriban asilimia 20. Si kidogo. Uzi laini ukishushwa hivyo unalegea chini ya kidole, na upinde unazama ndani yake. Ule wenye mvuto mkubwa, uliokuwa ukikaba fidla, ukishushwa unafika mahali pazuri, unapumua bila kulegea. Kwa hiyo anayepiga kwa mkazo wa Kimisri asichukue sifa za uzi kutoka kwa mpigaji wa Ulaya bila kuzipima upya. Fundi wa Offenbach alipousokota uzi ule alikuwa na mkazo mwingine akilini.

Halafu kuna hewa yetu. Utumbo mtupu hunywa unyevu, na pwani unyevu haukosekani. Seti ya utumbo iliyokaa sawa alasiri itakuwa imekwenda kwingine ikifika saa mbili usiku. Alumini nayo haipatani na jasho la chumvi. Tazama uzi wa la wa mpigaji yeyote wa hapa, pale kidole cha kwanza kinapokaa: utaona kijivu, kisha vishimo, kisha utepe unaanza kuinuka na kukwaruza ngozi. Kitambaa kikavu baada ya kila kupiga kitaurefushia maisha kuliko pesa yoyote utakayoongeza dukani. Na wakati wa kubadilisha, badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizifungua zote kwa pamoja daraja litaanguka, na nguzo ya ndani inaweza kulala, na hiyo ni kazi ya fundi wa mbao.

Sasa thamani. Seti ya Evah Pirazzi Gold inapita dola 100, pesa ambayo kwa mpigaji wa hapa ni malipo ya kazi nyingi. Dominant ni nafuu kuliko hizo, na imedumu sokoni zaidi ya nusu karne kwa sababu haimdanganyi mtu. Baada ya kusikiliza kwa makini, hukumu yangu ni hii: kwa fidla nyingi tulizonazo pwani, funga Dominant kwa sol, re na la, na mi ya chuma ya bei ndogo kama Goldbrokat, ambayo wapigaji wengi wa Ulaya na Marekani huifunga pamoja na Dominant hiyo hiyo bila kuona haya. Mwenye fidla nzuri sana na kazi ya kupiga peke yake, au anayekaza Kimisri, ajaribu Evah, atapata anacholipia. Mwenye fidla ya kiwandani asitupe pesa huko. Abadilishe kwanza singa za upinde, anunue ulimbo safi, ampe fundi daraja lichongwe upya, kisha ndipo aongeze bei ya nyuzi.

Na ukipata msafiri anayerudi kutoka Ulaya, muagize seti mbili, uzifunge moja na nyingine uiweke pakavu ndani ya pakiti yake. Mi haichagui usiku wa kukatika, na usiku wa harusi hakuna duka la nyuzi lililo wazi.