Sifa ya Mkeka wa Mafunjo

Msusi wa Pwani huchana ukindu, akausuka ukili, kisha akaushona ukili kwa ukili mpaka mkeka ukamilike. Lakini fundi wa mafunjo wa Kampala na vitongoji vyake huanza na mmea unaompita kimo maradufu, uliosimama ndani ya maji. Bua la funjo lina pembe tatu. Nje ni la kijani linalong'aa, ndani lina nyama nyeupe, nyepesi kama sifongo. Hukatwa kwa panga, hufungwa mizigo, hubebwa hadi nchi kavu na kuanikwa. Jua likishalishika, kijani hugeuka manjano, bua hunywea na kuwa jepesi ajabu. Hapo mabua hulazwa sambamba na kushonwa kwa kamba, kidole gumba kikilibana kila bua lisiachie mwanya. Ukiuinua mkeka uliokauka vizuri, unatoa mlio mkavu, na harufu ya kinamasi bado imo.

Mkeka huo ni dari, ni kiambaza, ni uzio, ni kivuli cha muuza nyanya kando ya barabara. Umezoeleka mno hata watu wameacha kuutazama. Mimi naona ni miongoni mwa sanaa zenye adabu kubwa kuliko zote tulizo nazo, na adabu hiyo iko katika kile fundi anachokiacha nyuma. Akikata bua, mzizi mnene unaotambaa matopeni hubaki mzima. Mzizi huo huchipua tena, na akiupa muda wa kutosha, pale alipokata hufunga upya. Anayepanda magimbi kinamasini hung'oa mafunjo, na anayejenga humwaga kifusi. Msusi peke yake ndiye ambaye riziki yake inadai kinamasi kibaki kinamasi, chenye maji, mwaka hadi mwaka.

Kwa Kampala jambo hili si dogo. Mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya jiji, ukabeba maji machafu ya masoko, gereji na majumba, ukaelekea Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Kabla ya kufika ziwani, maji hayo hupita kinamasini, na mafunjo huyapunguza kasi, yakazuia tope na kufyonza sehemu ya uchafu. Ghuba hiyohiyo, upande wa Gaba, ndiko jiji linakovuta maji yake ya kunywa. Mwaka 1999 utafiti uliochapishwa na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria kwamba huduma ya kinamasi cha Nakivubo ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Kimarekani kwa mwaka. Tangu hapo magimbi, miwa, nyumba na viwanda vimekula sehemu kubwa ya mafunjo hayo.

Na mafunjo yana wenyewe. Tiva wa mafunjo, ndege mwenye kifua chekundu, utosi wa manjano na mgongo mweusi, haishi kwingine ila humo. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona: dume na jike huitikiana ndani kabisa ya kichaka. Mafunjo yakiondoka, ndege huyu hana pa kuhamia. Magharibi ya Entebbe, kinamasi cha Mabamba, kilichotambuliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, kinamtunza korongo-nyangumi, ambaye watu husafiri kutoka mbali kuja kumwona akisimama bila kutikisika.

Kwa kuwa riziki ya msusi ndiyo inayodai haya yote yabaki, nilifurahi mwaka 2022 Uganda ilipoingia kwa mara ya kwanza na banda lake katika maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice. Msanii Acaye Kerunen alipeleka huko kazi zilizotokana na mikono ya wanawake wasusi wa Uganda: mikeka na vikapu vilivyofumuliwa, vikaunganishwa upya na kutundikwa ukutani. Collin Sekajugo alikuwa pamoja naye, na banda lao likapata tuzo ya kutajwa kwa heshima. Mwaka 2024 Kerunen alirudi akiwa msimamizi wa maonyesho, na safari hiyo kundi la wasusi wenyewe lilihesabiwa miongoni mwa wasanii. Hatua hiyo ya pili naithamini kuliko tuzo.

Katika banda hilo la 2024 alikuwemo pia Taga Nuwagaba, mchoraji wa rangi za maji aliyetumia miaka mingi kuwachora wanyama ambao ni miiko ya koo za Buganda. Mtu wa ukoo wa kamongo hali kamongo, na wa fisi-maji hamgusi fisi-maji. Kabla ya kuwapo idara yoyote ya wanyamapori, kila ukoo ulikuwa na kiumbe wake wa kumstahi, na baadhi yao ni wa majini. Huo ukoo wa fisi-maji, Ngonge, ndio uliokabidhiwa kutengeneza lubugo, nguo ya gome, kwa ajili ya kabaka, mfalme wa Buganda. Gome la mti wa mtuba hubanduliwa, shina likafunikwa kwa majani ya mgomba, na mti huotesha gome jingine. Ni adabu ileile ya mafunjo: unachukua, na unachokichukua kinarudi.

Lakini sifa hailishi familia. Mnunuzi wa mjini humshushia bei msusi hadi mkeka uuzwe kwa fedha ambazo hazimtoshi hata kumlipa aliyeingia majini kukata. Bei ikiwa hivyo, binti wa msusi ataona gimbi lina faida zaidi, na hatakuwa amekosea hesabu.

Tena kuna jambo moja ambalo ningeomba wenye maduka na majumba ya sanaa walifanye. Kando ya kazi huandika jina la msanii, mwaka, na neno "mafunjo". Waongeze jina la msusi na jina la kinamasi: Lubigi, Nakivubo, Lutembe, popote bua lilipokatwa. Mwenye kununua akijua mahali, anaweza siku moja kwenda kuuliza ni nani anayemwaga kifusi pale, na kwa kibali cha nani.