Anayeuonya moyo wake ni nani? ‘Al-Inkishafi’ na kikomo cha umaada

WAHAKIKI wengi waliopitia vyuo vikuu vya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970 wamelelewa na umaada, ambao wengine huuita uyakinifu. Ni falsafa inayoshikilia kwamba maada ndiyo iliyotangulia. Kwamba fahamu, dini na hata utenzi ni mazao ya jinsi watu wanavyozalisha mali na kugawana. Nami nimeufundisha kwa miaka mingi na bado naufundisha. Lakini upo utenzi mmoja ambao kila nikiusoma kwa miwani hiyo naona kitu kimebaki nje. Nao ni Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir.

Kwanza tuwape wanaumaada haki yao. Pate, katika visiwa vya Lamu, ilitajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kisha ikaporomoka. Mtunzi, ambaye alikuwa sharifu, aliishi katika karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, na magofu aliyaona kwa macho yake. Utenzi wake umesheheni vitu: majumba ya mawe, taa, vyombo vya kaure, zidaka za ukutani. Mhakiki wa kimaada anauliza: mawe hayo yalichongwa na nani? Taa ziliwashwa na mikono ya nani? Ni maswali mazuri. Asiyeyauliza ataamini kwamba Pate ilijengwa na waungwana peke yao. Kwa mhakiki huyu, basi, utenzi ni kilio cha tabaka lililopoteza riziki yake, na Akhera ni kitambaa cha kufutia machozi.

Hapo ndipo ninaposita. Maelezo hayo yanatosha kwa kila kitu kilichomo ndani ya majumba yale. Hayatoshi kwa mazungumzo yenyewe. Maana Sayyid Abdalla haongei na watu wa Pate, wala na mtoto wake kama ilivyo katika tenzi nyingi za mawaidha. Anaongea na moyo wake. Anauhoji, anaukemea, anauuliza kwa nini hauzinduki. Sasa, anayekemea ni nani na anayekemewa ni nani? Mtu ni mmoja, kifua ni kimoja.

Ajabu ni kwamba hata wapenzi wa utenzi huu wameuhamisha moyo huo kutoka mahali pake. William Hichens alipouhariri mwaka 1939, kichwa chake cha Kiingereza kilitaja kuamka kwa roho. James de Vere Allen naye, mwaka 1977, akataja katekisimu ya roho. Lakini mtunzi amesema moyo! Daktari akiweka kifaa chake kifuani pako anasikiliza moyo. Mama akimwambia mwanawe ajipe moyo anatumia neno lilo hilo. Kiswahili hakikuona haja ya kuwa na neno moja la nyama inayodunda na jingine la kinachotia nia, kinachokata tamaa na kinachoona haya. Wafasiri wanaupeleka utenzi kwenye roho isiyo na mwili, wanaumaada wanaupeleka sokoni, na mtunzi amebaki palepale kwenye moyo.

Najua jibu la wanaumaada, na si jibu la kubezwa. Marx na Engels, katika mswada wao wa 1845 na 1846 kuhusu itikadi ya Wajerumani, walisema lugha ina umri sawa na fahamu, na kwamba zote mbili zinatokana na haja ya watu kushirikiana. Baadaye Vygotsky, katika kitabu chake cha 1934 kuhusu fikra na lugha, akaeleza jinsi mtoto anavyojifunza kusema na wenzake kwanza, kisha maneno yale yakaingia ndani yakawa usemi wa kimoyomoyo. Kwa hivyo, watatuambia, mshairi anayeukemea moyo wake amemeza tu sauti za walimu wake wa chuoni na za baba yake. Haya, tukubali. Hiyo ni njia maneno yaliyopitia kuingia. Lakini ukishanieleza maji yalipita mfereji gani, bado hujanieleza anayeona kiu.

Itazame sarufi yetu. Kiambishi -ji- tunakitumia kila siku bila kushtuka: nimejisahau, najilaumu, amejidanganya. Aliyedanganya ndiye aliyedanganywa. Jiwe haliwezi kujidanganya. Anayejidanganya lazima awe na mahali pa kusimama na kujitazama, na mahali hapo hujapaona kwenye mizani wala kwenye picha ya ubongo. Umaada unaweza kusema siku moja tutapaona. Huenda. Lakini ahadi hiyo nayo ni imani, na ingefaa wenye kuitoa wakiri hivyo.

Na Mungu je? Huwapa wanafunzi wangu zoezi. Soma utenzi ukiruka kila mahali panapotajwa Mwenyezi Mungu, kaburi na Jahanamu, kuanzia bismillahi ya mwanzo. Kinachosalia ni orodha ya mali, ya wenye mali waliokufa na ya nyumba zilizobomoka. Orodha hiyo ina huzuni, lakini haina aibu. Mtu huona aibu mbele ya anayemwona, na ndani ya utenzi huu yule anayemwona mtunzi na moyo wake kwa pamoja ndiye anayeyapa mazungumzo hayo uzito. Kumchukulia kama pambo la kufungulia utenzi ni kukosea usomaji, awe msomaji ana dini au hana.

Sisemi hili linathibitisha kuwapo kwa Mungu. Nawaogopa pia wale ambao kila wakiona sayansi imenyamaza mahali, hukimbia kumweka Mungu pale kama tope la kuzibia ufa. Na wapo wanaousoma Al-Inkishafi kwa ajili ya zile beti za moto peke yake, ati ndizo zenye mafunzo! Ninachosema ni kidogo kuliko hivyo: uhakiki wa kimaada unapaswa kueleza kwa nini gofu ni gofu. Mtunzi anatuonyesha zidaka zilizowekewa vyombo vya kaure, na sasa makinda ya ndege yanalala humo. Kwa maada, hapo pana chokaa, mawe na manyoya, hapajapotea kitu. Makinda hayajui kwamba yamelala mahali pa sahani. Anayejua ni yule anayeuuliza moyo wake.