Robo Pesa, Sindano na Uzi

Ukisimama Newala, ukingoni pa Shimo la Mungu, macho yanateremka mpaka bonde la Ruvuma, yanavuka mpaka Msumbiji. Vita vya nchi hii viliandikiwa barua. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huku Wamagwangwara, waliivamia misheni ya Masasi, na wamisionari wakawaandikia watu wao Uingereza yaliyowapata. Barua kama hiyo huandikwa moshi umetulia, na anayeisoma anakupenda. Ninayoistaajabia mimi ni ngumu zaidi: iliandikiwa adui.

Ni ya Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekaa Luagala, juu ya nyanda za Makonde. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, mkuu wa majeshi ya Kijerumani, alimtaka atii. Machemba akamjibu kwa Kiswahili.

Itazame taratibu, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Machemba haanzi kwa kutukana. Anasema ameyasikia maneno ya Mjerumani, ila sababu ya kumtii haioni. Kisha anaitafuta sababu hiyo mbele ya macho yetu, kama mzee wa baraza aliyeletewa madai na sasa anataka kujua deni lilitoka wapi. Je, umewahi kunipa pesa? Hapana. Robo ya pesa? Hapana. Sindano? Uzi?

Tusimame hapo kidogo. Pesa ilikuwa sarafu ya shaba, 64 kwa rupia moja. Robo yake ni kitu ambacho hata mtoto hatumwi nacho dukani. Kutoka hapo anashuka kwenye sindano, inayopotea mkekani, kisha kwenye uzi, ambao ukiuweka kiganjani huusikii uzito. Kila neno ni jepesi kuliko lililotangulia, mpaka mkono wa Mjerumani unabaki mtupu. Angeanza na uzi akamalizia na pesa, hesabu ingekuwa ileile, lakini barua ingekufa. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Machemba anathibitisha kwamba hajala kitu.

Baada ya hesabu anafungua milango. Ukitaka urafiki, niko tayari, leo na siku zote. Ukitaka vita, niko tayari. Kuwa mtu wako, hapana. Urafiki umetangulia, na hilo si bahati nasibu: anayesoma anakaribishwa kiti kwanza, ndipo anaonyeshwa mkuki. Kukataa kwenyewe kunarudi mara mbili, baada ya urafiki na baada ya vita, kama fundo linalofungwa pande zote za kamba.

Halafu linakuja jambo ambalo mwandishi mwenye hasira asingelikumbuka. Wewe ni kiumbe wa Mungu kama mimi, anasema. Wewe sultani kwako, mimi sultani kwangu. Na wala sikuambii unitii, maana najua wewe ni mtu huru. Haki anayojidaia mwenyewe anampa na adui wake, kwa kipimo kilekile. Ndiyo maana anapofika mwisho na kumwambia Mjerumani kwamba haji, na kama ana nguvu aje amchukue, maneno hayo hayasikiki kuwa majigambo. Yamesimama juu ya hoja iliyojengwa tofali kwa tofali.

Wajerumani walikuja. Vichaka vizito vya nyanda hizi viliwasumbua miaka mingi, kisha ikaja kodi ya vibanda, Machemba akaikataa nayo. Mwaka 1899 walimshinda kwa nguvu, naye akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Barua haikuzuia bunduki, na sidhani kama iliandikwa kwa matumaini hayo. Iliandikwa ili, siku nguvu itakapoamua, pasiwe na mtu wa kusema kwamba kulikuwa na deni. Alichukuliwa nchi bila kuwa amepokea hata uzi.